Picha imeburuzika: kosa liko wapi, na unalitoaje

Picha ninayoletewa mara nyingi kuliko zote ni ya bibi harusi anayeingia ukumbini akicheza. Nyuma yake mapambo yametulia, unaweza kuhesabu mikunjo ya kitambaa, lakini uso wake umekuwa kama rangi iliyopitishwa kidole kabla haijakauka. Swali linalofuata ni lilelile: "Kaka, lenzi yangu imekufa?" Ya pili kwa wingi ni ya mpira wa mchangani, dakika za mwisho, jua linazama, na mfungaji hana miguu.

Lenzi haijafa. Tatizo ni kwamba tunasema "picha ina ukungu" kwa magonjwa manne yasiyohusiana: mpigwa picha amesogea, mkono wa mpiga picha umetikisika, fokasi imekosea, au kioo cha lenzi ni kichafu. Dawa ya mmoja haitibu mwingine. Kuna kijana aliyepandisha spidi ya shata (pazia la kamera linalofunguka kuingiza mwanga) wiki nzima, picha zikawa na giza na chenga za punjepunje, kumbe kwenye lenzi kulikuwa na alama ya kidole chenye mafuta ya chipsi.

## Soma picha kabla hujagusa kitufe

Fungua picha mbovu, ivute mpaka uso ujae kioo, kisha tafuta nukta yoyote ya mwanga: taa ya mapambo, mng'ao ndani ya jicho, tone la jasho. Nukta ikiwa imegeuka mstari, kuna kitu kilisogea. Ikiwa imegeuka duara laini, fokasi ilikosea. Ikiwa bado ni nukta ila imezungukwa na utando wa maziwa, lenzi ni chafu au imepata unyevu.

Kisha uliza: kuna chochote kwenye picha hii kilichotulia? Jani, tofali, kiti cha plastiki? Jibu hilo ndilo litakalokupeleka kwenye kipengele sahihi hapa chini.

Mwisho angalia namba. Kwenye kamera, ukiwa unatazama picha, bonyeza kitufe kilichoandikwa INFO au DISP. Kwenye simu nyingi, sukuma picha juu. Unatafuta spidi ya shata. Ikisoma 1/60 maana yake shata ilikaa wazi sehemu moja ya 60 ya sekunde, na chochote kilichotembea katika muda huo kimeacha njia yake kwenye picha. Hiyo njia ndiyo ninayoiita mburuzo.

## Mandhari imetulia, mtu kaburuzika

Hii ndiyo nusu ya kesi zangu, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Sababu ya kwanza: shata ilikuwa polepole, na hukuichagua wewe, iliichagua kamera. Ukiwa kwenye Auto, au kwenye A (Canon wameandika Av), ambapo wewe unachagua tundu la lenzi tu, kamera inapima mwanga basi. Haijui kwamba anayeingia mlangoni anacheza. Ndani ya ukumbi inaona giza, inaweka 1/60, na kwa upande wake kazi imeisha. Zungusha gurudumu mpaka S, kwa Canon ni Tv, uchague spidi mwenyewe. Mimi naanzia hapa: mtu anayetembea 1/250, anayecheza 1/500, mpira wa miguu 1/1000, ndege anayeruka 1/2000 au zaidi. Mtoto wa miaka miwili mhesabu kama mchezaji mpira.

Namba hizo si za kukariri tu, zina hesabu yake. Septemba 2021, uwanjani Kasarani, Nairobi, Mkenya Ferdinand Omanyala alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77. Huo ni mwendo wa zaidi ya mita 10 kila sekunde. Kwa 1/250, mtu wa namna hiyo anasogea sentimita 4 shata ikiwa wazi, upana wa vidole viwili. Kwa 1/1000 ni sentimita 1. Kwa 1/2000 ni nusu sentimita, na akiwa mbali kidogo jicho halioni tena. Fanya hesabu hiyohiyo kwa beki wa mtaani kwenu na utapata jibu lako.

Sababu ya pili wanaifahamu wote wanaopiga picha na video kwa kamera moja. Video ya fremu 25 kwa sekunde huwa tunaiwekea shata 1/50. Baadhi ya kamera hutunza mipangilio ya video na ya picha kila moja kivyake, nyingine hazitunzi, na nyingine zinatunza ukiziambia. Mimi mwenyewe niliwahi kurekodi bwana harusi akishuka kwenye gari, nikageuza swichi kwenda kwenye picha, mlango ukafunguliwa, muziki ukawaka, nikabonyeza kama mtu anayepukuchua mahindi. Kioo kidogo cha nyuma kilionyesha picha nzuri tu, kwa sababu kwenye kioo kidogo kila picha ni nzuri. Usiku nyumbani nikazifungua kwenye kompyuta: 1/50, kuanzia mlangoni mpaka jukwaani. Picha nilizoweza kumkabidhi mwenye shughuli ni zile ambazo bwana harusi alisimama kupungia mkono mashangazi. Tangu siku hiyo, nikitoka kwenye video napiga picha moja ya sakafu, nasoma namba, ndipo nainua kamera.

Sababu ya tatu ni ISO, yaani kiwango ambacho kamera inaukuza mwanga, iliyobaki chini. Jana ulipiga picha ufukweni kwa ISO 100, leo uko ukumbini na ISO ni ileile. Ukiwa kwenye S au Tv picha itakuwa nyeusi. Ukiwa kwenye A, kamera itafidia kwa kuiburuza shata. Hapa ndipo watu wengi wananibishia: "Lakini ISO ikipanda picha inakuwa na chenga." Ni kweli, inakuwa na chenga. Chenga zinapunguzwa na programu, na kwenye picha iliyochapwa ukubwa wa kitabu hazionekani kabisa. Uso ulioburuzika haurudi. Kutoka 1/125 kwenda 1/500 unahitaji mwanga mara nne, yaani ISO 800 iwe 3200. Lipa bei hiyo.

Njia ninayoitumia kazini ni kuweka kamera kwenye M, ambapo unapanga mwenyewe: shata 1/500, tundu la lenzi wazi kadiri linavyokubali, na ISO iwe Auto yenye kikomo cha 6400. Kamera inahangaika na mwanga, mimi nahangaika na watu. Ukipenda kubaki kwenye A, ingia kwenye menyu ya Auto ISO. Kamera nyingi za miaka hii zina sehemu ya kuiambia isishuke chini ya spidi fulani.

Kisha kuna vijisababu vya kusahau. Fidia ya mwanga, ile alama ya +/- ya kuongeza au kupunguza mwanga wa picha, imebaki +1 tangu jana. Filta nyeusi ya video haijafunguliwa kwenye lenzi. Filta ya kupunguza mng'ao wa maji, nzuri sana baharini mchana, inakula nusu ya mwanga au zaidi, na ukumbini ni kama umevaa miwani ya jua.

Ukiwa umeyapitia yote hayo na mwanga bado hautoshi, tatizo sasa ni la vifaa au la mahali uliposimama. Lenzi ndogo inayokuja na kamera, ukiivuta mpaka mwisho, inafunguka mpaka f/5.6 tu (f ni kipimo cha tundu la lenzi: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Ile ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo ni ya bei ya kawaida kwa kampuni zote kubwa, inaingiza mwanga karibu mara 10. Kwa anayepiga harusi, ninaona ndiyo ya kununua kabla ya kubadilisha kamera. Na mahali: mtu anayekatiza mbele yako anaburuzika kuliko anayekujia. Sogea mpaka wakukabili, au waje kwa mshazari, na 1/250 itafanya kazi ambayo ukiwa pembeni ingehitaji 1/500. Mpiga picha za mpira akae nyuma ya mstari wa goli, upande wa kona, wachezaji wamjie.

Jambo la mwisho kwenye hili ni mwanga wa jioni wa huku kwetu. Karibu na ikweta jua halizami kwa taratibu, linaanguka. Mechi ikianza saa kumi jioni na kucheleweshwa kidogo, dakika kumi za mwisho si mwanga uleule wa dakika kumi zilizotangulia. Kila mpira ukitoka nje, soma namba. Mchana wa jua kali kisingizio hicho hakipo: kwa ISO 400 na f/5.6 unapata takriban 1/3200, kwa hiyo picha iliyoburuzika saa saba mchana ni mpangilio, si mwanga.

## Kila kitu kimeburuzika kuelekea upande mmoja

Mtu, mti, bango, vyote vina mstari mfupi wenye mwelekeo mmoja. Hapo si yeye, ni wewe. Mkono ulitikisika.

Mara nyingi ni kubonyeza kitufe kwa pupa, kama kengele ya mlango. Kibonyeze nusu, subiri fokasi ishike, malizia taratibu. Viwiko viguse mbavu, mkono wa kushoto uwe chini ya lenzi, si ubavuni mwa kamera.

Kama mkono uko sawa, angalia spidi dhidi ya urefu wa lenzi. Kanuni ya wazee wa filamu bado inafaa: lenzi ya milimita 200 isishuke chini ya 1/200. Ukiwa na kamera yenye sensa ndogo (sensa ni kile kinachopokea mwanga ndani ya kamera), zidisha kwa 1.5, kwa hiyo 1/300. Lenzi zenye kutuliza mtikisiko, zilizoandikwa IS, VR au OSS, zinakusaidia kushuka chini ya hapo. Lakini zinatuliza mkono wako tu. Hazina habari na bibi harusi anayecheza. Nimeona watu wakilipa pesa nyingi kwa herufi hizo wakitegemea zisimamishe mchezaji mpira.

Kwa wa safari, sababu ni gari. Injini ikiwa inaunguruma, Land Cruiser nzima inatetemeka na lenzi ya 400 inaliona hilo. Mwombe dereva azime. Waombe na abiria wenzako watulie, hili ni gumu zaidi. Usiegemeze lenzi moja kwa moja kwenye chuma cha dirisha. Weka mfuko wa maharage katikati. Beba mfuko mtupu, maharage utanunua Karatu au Narok, na safari ikiisha unayapika.

## Mwili umetulia, mikono na miguu imeyeyuka

Hapa spidi inatosha kwa kiwiliwili, haitoshi kwa ncha. Mguu wa mkimbiaji unaosogezwa mbele unakwenda haraka kuliko mkimbiaji mwenyewe, na mkono wa mpiga ngoma ndio kabisa. Ongeza spidi mara mbili: ulikuwa 1/500, nenda 1/1000.

Au usiongeze. Picha ya sindimba ambayo nyuso zimetulia na viuno vimeacha njia hewani inaonyesha ngoma kuliko ile iliyogandishwa mpaka mchezaji anaonekana kama sanamu ya mpingo. Macho yakiwa yametulia, mtazamaji anasamehe mengine yote.

Kama mwanga haukuruhusu kupandisha, cheza na wakati. Kila anayeruka, kuna sehemu anasimama hewani. Chukua vijana wa Kimaasai kwenye adumu, ngoma yao ya kuruka: sehemu moja ya kumi ya sekunde kabla ya kufika juu kabisa, mrukaji amebakiwa na kasi ya takriban mita 1 kwa sekunde, na kileleni haina kitu. Ukimpata hapo, 1/250 inatosha, wakati njiani kwenda juu isingetosha. Sikiliza wimbo, usiangalie miguu. Mruko unafuata sauti, na baada ya mitatu minne kidole chako kitakuwa kimeujua. Ndivyo ilivyo pia kwa mpigaji kichwa, na kwa mshereheshaji anayenyanyua mkono kabla ya kutaja jina.

## Majani yako wazi, mtu ana ukungu

Tazama nyasi au sakafu. Kama kuna mstari wa nyasi ulioshika vizuri mbele ya mchezaji au nyuma yake, shata haina kosa. Fokasi ilishika mahali pengine.

Kosa la kawaida ni kuacha fokasi kwenye hali ya kushika mara moja, AF-S au One Shot. Kamera inapima umbali, inalia "pii", inajifunga hapo. Mchezaji anaendelea kukimbia. Weka AF-C, kwa Canon ni Servo au AI Servo, na kidole kibaki nusu kwenye kitufe muda wote. Fokasi itaendelea kumfuata.

Halafu angalia kisanduku cha fokasi kiko wapi. Ukiiachia kamera eneo zima, itachagua kilicho karibu au chenye mistari mingi: nguzo ya goli, shada la maua, kofia ya mwamuzi. Punguza eneo libaki dogo katikati. Kamera yenye kutambua nyuso na macho, iwashe hiyo, ila ukumbini penye watu wengi itamrukia mpambe badala ya bibi harusi, kwa hiyo usiiamini ukaenda kunywa soda.

Ukiwa na ile lenzi ya f/1.8 iliyofunguliwa yote na mtu yuko mita moja na nusu mbele yako, sehemu inayoshika ni nyembamba sana. Jicho likishika, sikio halishiki. Funga mpaka f/2.8.

## Fleshi imewaka, lakini mtu ana mzuka

Uso umeshika, na juu yake kuna uso mwingine hafifu unaoteleza pembeni. Hizo ni picha mbili kwenye fremu moja. Fleshi imepiga ya kwanza kwa kufumba na kufumbua. Taa za ukumbi zimeendelea kuchora ya pili shata ikiwa bado wazi.

Angalia kwanza kama hujaweka hali ya fleshi ya usiku, inayoandikwa SLOW kwenye kamera kadhaa, au ile alama ya mtu na nyota. Hali hizo zinashusha shata mpaka 1/15 kusudi. Itoe. Weka 1/200, shusha ISO kidogo, na mwanga wa ukumbi hautakuwa na nguvu ya kuchora chochote. Mandhari itakuwa nyeusi, ndiyo gharama yake. Ukitaka taa za rangi zionekane, kaa kati ya 1/60 na 1/125 na uweke fleshi iwake mwishoni mwa shata badala ya mwanzoni. Mzuka utabaki nyuma ya mchezaji, kama vumbi la gari, badala ya kumtangulia.

Nguvu ya fleshi nayo ina siri yake. Fleshi ya juu ya kamera ikipiga kwa nguvu zote, mwanga wake unadumu karibu 1/1000 ya sekunde. Ukiishusha hadi 1/16 ya nguvu, nyingi zinamaliza kazi kwa takriban 1/10,000. Kwa hiyo sogea karibu, punguza nguvu, na matone ya shampeni yatasimama hewani.

Ukiona mstari mweusi chini au juu ya picha baada ya kuweka 1/500 na fleshi, kamera haijaharibika. Nyingi zinakubali fleshi mpaka 1/200 au 1/250. Zaidi ya hapo ukingo wa shata unaingia kwenye picha, isipokuwa fleshi yako ina hali ya spidi kubwa nawe umeiwasha.

## Gurudumu limekuwa yai, au picha ina mistari kama pundamilia

Umezima sauti ya kamera kanisani, ukatoka nje na kupiga bodaboda. Magurudumu yamelala, nguzo zimeinama. Shata ya kimya haifungi kitu. Inasoma sensa mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, na wakati imefika chini, bodaboda ameshasogea. Kupandisha spidi hakusaidii. Rudi kwenye shata ya kawaida, yenye mlio.

Mistari ya pundamilia ni ndugu yake. Umeme wa gridi zetu ni wa hertzi 50, hivyo taa za mirija na LED nyingi za bei nafuu zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Ukiwa kwenye 1/1000 unakamata kipande cha mpepeso. Kwa 1/100 mistari inatoweka, mburuzo unarudi. Tafuta kwenye menyu kipengele cha kuzuia mpepeso, kamera nyingi za kisasa zinacho. La sivyo, tumia fleshi.

## Simu

Futa lenzi. Nasema kweli, anza hapo, kwa shati safi la pamba. Simu inakaa mfukoni na vidole vinaigusa mara mia.

Kisha zima hali ya usiku. Simu nyingi tundu la lenzi halibadiliki, kwa hiyo gizani zinapiga picha kadhaa ndefu na kuziunganisha. Bibi aliyekaa kwenye mkeka atatoka vizuri sana. Mjukuu anayemzunguka atakuwa moshi. Msogeze mtoto karibu na mlango au dirisha. Shikilia kitufe simu ipige mfululizo, uchague baadaye. Simu yenye hali ya Pro, weka S kwenye 1/250 na uache ISO yenyewe. Na usivute kwa vidole gizani. Kwenye simu nyingi kuvuta kunaweza kukuhamishia kwenye lenzi yenye tundu dogo zaidi. Tembea.

Kwa mnaofunga simu kwenye usukani wa pikipiki: mwaka 2021 Apple walitoa tahadhari kwamba mtikisiko wa injini zenye nguvu ukipita kwenye usukani unaweza kuharibu kamera za iPhone zenye lenzi inayojituliza na fokasi yake. Kwa pikipiki ndogo na skuta walishauri kishikio chenye mpira wa kufyonza mtikisiko. Ukifungua kamera na picha ikawa inatetemeka kioo kizima hata simu ikiwa mezani, hilo si la mipangilio tena.

## Umemfuata bodaboda kwa kamera, naye kaburuzika pamoja na barabara

Kumfuata ni pale unapotaka mandhari iburuzike na mwendeshaji atulie. Weka 1/60. Simama pembeni kabisa ya barabara, mahali atakapopita mbele yako na si atakapokujia. Elekeza miguu kule atakakoishia, geuza kiuno kumpokea anakotoka, mfuate, bonyeza, na uendelee kumfuata hata baada ya mlio. Wengi wanasimama pale wanapobonyeza, na ndipo picha inapoharibikia. Lenzi yenye IS ya hali mbili, weka namba 2. Ukishindwa kabisa, panda 1/125 kisha ushuke polepole. Mimi katika kumi napata moja, nyingine nafuta nikiwa palepale. Usirudi nyuma ukitazama kwenye tundu la kamera, na mwambie mtu aangalie gari za upande wako.

## Picha hazishiki hata kwenye stendi, kwa 1/2000

Hapa ndipo vifaa vinapoanza kushukiwa, ila pita kwanza hivi vinne.

Jua la saa sita kwenye mbuga au lami: hewa ya moto inacheza, yale mazigazi, na lenzi ndefu inayakuza. Hakuna spidi wala lenzi inayoyatoa. Sogea karibu, au rudi saa kumi na mbili asubuhi.

Umetoka kwenye gari lenye kiyoyozi kwenda kwenye joto la Zanzibar au Mombasa: lenzi imetoa jasho. Usifutefute. Iache ndani ya begi lililofungwa nusu saa.

Filta ya bei chee mbele ya lenzi: ifungue, piga picha ileile, linganisha.

Kituliza mtikisiko kimewashwa kwenye stendi: lenzi kadhaa za zamani zinaanza kutafuta mtikisiko usiokuwepo na kuutengeneza zenyewe. Kizime.

Bado? Bandika ukurasa wa gazeti ukutani, kamera kwenye stendi, kipima muda sekunde 2, f/8, mchana. Upande mmoja wa gazeti ukisomeka na mwingine usisomeke, hakikisha kwanza kamera imetazamana sawasawa na ukuta. Kama ilikuwa sawa, kioo cha ndani kimehama, kwa kawaida baada ya kuanguka.

## Acha, mpelekee fundi

Lenzi iliyoanguka na sasa picha inarukaruka kwenye kioo. Vinyuzi vya kuvu ndani ya lenzi, vinavyofanana na utando wa buibui ukimulika kwa tochi. Kadiri unavyochelewa vinakula tabaka la juu la kioo. Mstari mweusi kwenye picha *bila* fleshi, au mlio wa shata uliobadilika: mapazia ya shata ni membamba sana, usiyaguse kwa kidole wala kuyapuliza kwa pampu ya gereji. Maji ya chumvi, kwa mliokuwa kwenye ngalawa: zima, toa betri na memori kadi, usijaribu "kuona kama inawaka", na usiichaji.

Na fleshi usiifungue kamwe, hata betri ikiwa nje. Ndani kuna kapasita inayohifadhi zaidi ya volti 300, inaweza kukaa na chaji muda mrefu, na kamera yenye fleshi ya ndani nayo inayo. Kuna fundi mmoja ambaye alinionyesha kovu kwenye kidole gumba kabla hajanionyesha bei.

Ukienda kwake nenda na memori kadi yenye picha tatu: lile gazeti ukutani kwa f/8, gazeti hilohilo lenzi ikiwa wazi yote, na ile picha iliyokuudhi. Usiifute namba yoyote. Atazisoma kabla hajashika bisibisi, na huenda akakurudishia kamera yako bila kuifungua.